Dalili ya Mvua ni Mawingu

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulitaja kwa kunong'ona tu, yaani kansa ya matiti. Hapa kwetu Kenya hakuna kansa inayowapata wanawake wengi kuliko hiyo. Basi haifai tuendelee kunong'ona.

Swali la kwanza analouliza mgonjwa, au analoogopa kuliuliza, ni hili: "Je, nitapona?" Zamani daktari alijibu kwa kutazama mambo machache. Alitazama ukubwa wa uvimbe, akatazama kama ugonjwa umefika kwenye tezi za kwapani, kisha akazitazama chembe zake kwa darubini. Mambo hayo yangali yanatazamwa hata leo, na yana maana. Lakini ilitokea mara nyingi kwamba wanawake wawili walikuwa na uvimbe wa ukubwa mmoja, wakatibiwa kwa dawa zile zile, mmoja akaishi hata akawabeba wajukuu wake, na mwingine ugonjwa ukamrudia baada ya miaka miwili. Kwa nini? Daktari hakuwa na jibu.

Wazee wetu walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Basi wataalamu wakaanza kuyatafuta mawingu hayo ndani ya chembe zenyewe, katika jeni. Jeni ni nini? Kila chembe ya mwili imebeba maagizo yake: ikue namna gani, ifanye kazi gani, na ikome lini kuongezeka. Maagizo hayo ndiyo jeni. Kansa huanza maagizo yanapoharibika, chembe zikawa zinaongezeka wala hazisikii tena amri ya kukoma.

Mwaka 1987 Dennis Slamon, daktari wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, pamoja na wenzake, walieleza walichokiona katika uvimbe wa wagonjwa 189. Baadhi ya uvimbe huo ulikuwa na jeni moja, iitwayo HER2, iliyojirudia mara nyingi kupita kiasi. Wanawake wenye uvimbe wa namna hiyo ndio waliorudiwa na ugonjwa upesi, na maisha yao yakawa mafupi zaidi. Hiyo ilikuwa habari ya huzuni. Kumjulisha mtu kwamba ugonjwa wake ni mkali, kisha kumwacha hapo, kuna faida gani?

Lakini hawakuishia hapo. Walisema, ikiwa jeni hii ndiyo inayousukuma ugonjwa, hebu tutafute dawa ya kuizuia kazi yake. Dawa hiyo, iitwayo trastuzumab, ilikubaliwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2005 majaribio makubwa yalionyesha kwamba wanawake wa namna hiyo wakipewa dawa hiyo pamoja na zile nyingine baada ya kupasuliwa, hatari ya kurudiwa na ugonjwa hupungua karibu nusu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa za lazima. Mnaona, wapenzi? Ile dalili iliyokuwa ya kutisha ndiyo iliyowaonyesha madaktari mahali pa kupiga.

Tena kuna upande wa pili. Wako wanawake ambao ugonjwa wao ni wa pole, na ambao wangepona hata bila zile dawa kali ambazo watu huziita kemo. Dawa hizo, kama wengi wenu mjuavyo, huleta kutapika, nywele hunyonyoka, na nguvu huisha. Je, mtu atawajuaje wanawake hao? Mwaka 2002 wataalamu wa Uholanzi walitoa kipimo kinachosoma jeni 70 za uvimbe kwa pamoja. Mwaka 2004 wa Marekani wakaeleza kingine kinachosoma jeni 21, na jibu lake hutolewa kwa namba, kuanzia 0 hadi 100. Namba ikiwa ndogo, hatari ya ugonjwa kurudi ni ndogo. Kipimo hicho ni cha ule ugonjwa unaolishwa na homoni na usio na HER2 iliyozidi.

Tatizo lilikuwa kwa wale wa katikati. Kati ya mwaka 2006 na 2010 wanawake zaidi ya 10,000 ambao ugonjwa wao ulikuwa haujafika kwenye tezi za kwapani waliingia katika jaribio moja kubwa. Wale waliopata namba kati ya 11 na 25 waligawanywa kama kwa kura: kundi moja likapewa dawa za kuzuia homoni peke yake, na kundi la pili likapewa hizo pamoja na kemo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Baada ya miaka tisa, katika kila kundi wanawake kama 94 kwa kila 100 walikuwa hai. Kemo haikuwaongezea kitu, isipokuwa baadhi ya wale wenye umri wa miaka 50 au chini yake ambao namba zao zilianzia 16. Hao ilionekana kuwasaidia kiasi.

Hebu tufikiri kidogo juu ya wanawake hao. Kila mmoja alikuwa mgonjwa, kila mmoja alikuwa na hofu yake, naye alikubali kura imchagulie. Leo mama mmoja huambiwa, "Wewe huhitaji kemo," akarudi nyumbani na nywele zake, akaendelea kuwapikia watoto wake. Hawajui majina yao wale waliomfungulia njia, wala wao hawalijui lake. Ikiwa huo si upendo kwa jirani, basi hatujui upendo ni nini.

Lakini sasa, msikilizaji mpenzi, tusikie vizuri. Tunaposema 94 kwa 100, namba hiyo inazungumza juu ya wanawake mia moja. Haikutaji wewe. Haisemi kama wewe ni mmoja wa wale 94 au mmoja wa wale sita. Kwa hiyo aliyepewa namba mbaya asijihesabu kuwa amekwisha kuzikwa, na aliyepewa namba nzuri asizitupe dawa zake kwa kuona kwamba ameshapona. Mawingu huweza kutanda yakapita. Hata hivyo mkulima mwenye akili akiyaona hakai akibishana nayo. Huanua mahindi yake, huziba paa linalovuja. Dalili imetolewa ili tujitayarishe.

Tusichanganye jeni za uvimbe na zile tunazorithi. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kwamba katika koo fulani ugonjwa huu hufuatana na jeni iliyo katika kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na ya pili, BRCA2, mwaka 1995. Mwanamke aliyerithi moja ya jeni hizo ikiwa imeharibika yumo katika hatari kubwa: katika 100 wa namna hiyo, kama 70 huugua kansa ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Lakini kwa wagonjwa wote wa kansa ya matiti, waliorithi ni wachache, kama watano hadi kumi tu kwa 100.

Hapa tuna neno kwa jamaa. Binti akiugua, mara nyingi lawama humwangukia mama yake: "Huyu ametuletea ugonjwa kutoka kwao." Jamani, tuache maneno hayo! Jeni hizi hutoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Zaweza kupita kwa babu, zikapita kwa baba, nao wasiugue, kisha zikaonekana kwa binti. Hakuna aliyechagua kurithi, wala aliyechagua kurithisha.

Labda utasema, "Vipimo hivyo ni vya matajiri." Ni kweli, kile cha jeni 21 bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na wengi wetu hatuiwezi. Lakini kupima kama uvimbe unalishwa na homoni, na kama HER2 imezidi, ni jambo linalofanyika katika hospitali kubwa za hapa nchini. Basi, mama, kabla hujaanza matibabu muulize daktari wako bila woga: "Uvimbe wangu umepimwa homoni na HER2?" Una haki ya kuuliza.

Na ile dalili ya kwanza kabisa haihitaji mashine wala dola. Ni uvimbe unaougusa kwa mkono wako mwenyewe wakati wa kuoga. Kuuficha mwaka mzima kwa aibu, au kuzunguka huku na huko kwa wanaoahidi miujiza ya haraka, ndiko kunakowapeleka wengi hospitalini wakiwa wamechelewa. Kuomba ni kwema, na kwenda hospitali ni kwema. Hayo mawili hayagombani.

Nanyi waume, na watoto, na majirani: mgonjwa akirudi na namba yake mkononi, msimhesabie miaka. Mwandalieni uji, msindikizeni kliniki, mketi naye. Namba itasema yake, lakini kama atapita njia hiyo peke yake au pamoja na watu, hilo liko mikononi mwetu.