Jalada la Kada

Msikilizaji, taarifa za habari kutoka China hututajia kiongozi aliyepanda cheo. Ni nadra kuelezwa nani alimpandisha. Kazi hiyo ni ya Idara ya Oganaizesheni ya Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti, inayotunza majalada ya makada: alisoma wapi, alitumikia wapi, wakubwa wake walimsemaje. Magavana na wakuu wa vyuo vikubwa hupita humo.

Xi Jinping mwenyewe alipelekwa wilaya ya Zhengding mwaka 1982. Mwaka 1985 akapelekwa Fujian, akakaa miaka 17 na humo akawa gavana. Kisha Zhejiang, Shanghai, Beijing. Faida ya utaratibu huu siifichi: anayefika juu mara nyingi huwa ameshaendesha mikoa yenye mamilioni ya watu.

Lakini kada anapimwa na aliye juu yake, si na raia aliye chini yake. Hapo ndipo habari mbaya hukwama njiani. Mwishoni mwa 2019, daktari Li Wenliang wa Wuhan aliwatahadharisha wenzake kuhusu ugonjwa mpya. Tarehe 3 Januari polisi walimwita, wakamtaka atie saini karatasi ya onyo. Akatia. Februari ugonjwa huohuo ukamuua, akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Siku chache baadaye, makatibu wa chama wa mkoa wa Hubei na wa jiji lake la Wuhan waliondolewa na wengine wakateuliwa. Wakazi wa Wuhan, waliokuwa wakizika ndugu zao, hawakuwa na kura katika uamuzi huo.