Nani Atashika Betri Iliyovimba?

Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wawakilishi wa vigango



Tumezoea, katika mikutano kama huu, kuzungumzia viwanja vilivyoporwa, mirathi ya wajane na mishahara ya watumishi wa nyumbani. Huenda baadhi yenu mlishangaa kusoma katika barua ya mwaliko kwamba leo tutazungumzia betri za simu. Hatukulichagua jambo hili kwa kuwa tumeishiwa na mambo. Tumelichagua kwa sababu sisi wenyewe, tunaojiita Tume ya Haki na Amani, tulimtendea kijana mmoja wa parokia hii jambo ambalo, kama tungaliliona kwa mwajiri mwingine, tungaliliita dhuluma.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka juzi tuliwaomba waamini watoe simu zao za zamani. Nia ilikuwa njema: zitengenezwe, kisha wapewe makatekista wa vigango vya mbali. Waamini waliitikia kwa moyo. Katika majuma matatu tulipata simu 73, tukazitia katika gunia, na gunia tukaliweka katika stoo iliyoezekwa kwa bati, kati ya kreti za soda na viti vya plastiki. Likakaa humo tangu Novemba hadi Februari, miezi ambayo mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa ilivyo. Ndipo tulipomwita kijana mmoja, fundi simu anayejitegemea, tukamwomba ajitolee kwa ajili ya kanisa lake. Hatukumpa mchanga, wala miwani ya kukinga macho, wala mtu wa kukaa naye. Tulimpa soda.

Alipofikia simu ya kumi na tano hivi, alikuta betri imevimba hata imeinua kioo. Akafanya kama alivyofundishwa na waliomtangulia katika kazi hiyo: akachukua sindano ili aitoboe, hewa itoke, aifunge kwa tepu na kuirudisha mahali pake. Betri ilishika moto kabla hajaichomoa sindano. Aliungua vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kwa majuma sita hakuweza kushika bisibisi. Fundi asiyeshika bisibisi hana chakula. Nasi tulipokwenda kumjulia hali, tulithubutu kumwuliza kwa nini hakuwa mwangalifu.

Tangu siku ile tumesoma na kuuliza wanaojua, na yatupasa tuwaeleze tuliyoyapata.

Betri ya simu ya kisasa ni ya lithiamu. Aina hii iliingia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wataalamu watatu waliochangia kuibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Walistahili, kwa maana bila kazi yao mama aliyeko kijijini asingepokea fedha za mwanawe kwa simu. Ndani ya betri hiyo mna karatasi mbili nyembamba za metali, moja ya shaba na nyingine ya alumini, zilizopakwa madini. Katikati yake pana utando mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Vyote hukunjwa pamoja, huloweshwa kwa kimiminika kiwezacho kuwaka, kisha hufungwa katika mfuko usiopitisha hewa. Betri inapozeeka, au inapokaa katika joto, au inapochajiwa kupita kiasi, kimiminika kile huharibika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, na mfuko hufura kama pakiti ya maziwa iliyosahauliwa juani.

Kuvimba si moto bado. Betri nyingi huvimba zikakaa miezi bila kulipuka, na hilo ndilo linalotudanganya. Hatari yenyewe imo katika ule utando. Ukitobolewa, au ukikandamizwa hata ukachanika, pande mbili hugusana na nguvu yote iliyohifadhiwa hutoka kwa mara moja. Joto huzaa joto, na gesi iliyokuwa imefungwa huwaka. Moshi wake una sumu inayodhuru mapafu. Kwa hiyo sindano ya fundi haitoi hewa tu. Hupenya mpaka kwenye utando, na hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, awezaye kuona kutoka nje ncha imefika wapi.

Yapo mazoea yetu yanayoharakisha kuvimba huku. Watengenezaji hushauri simu itumike mahali pasipo na joto kali. Apple, kwa mfano, hutaja kikomo cha nyuzi 35. Sasa mfikirieni kijana wa bodaboda aliyefunga simu kwenye usukani tangu asubuhi hadi jioni, au mama ntilie aliyeiweka kando ya jiko ili asikose wateja, au sisi sote tunaoilaza chini ya mto ikiwa inachaji. Ongezeni chaja za bei rahisi zisizojua kuacha kusukuma umeme, na betri zilizobandikwa jina la kampuni isiyozitengeneza. Ipo pia hatari ambayo hatukuidhania kabisa, nayo ndiyo iliyokuwa ndani ya gunia letu: simu iliyolala miaka mingi bila kuchajiwa. Betri ikiishiwa umeme kupita kiasi, shaba iliyomo huanza kuyeyuka. Ukiirudishia chaji, shaba ile huweza kujijenga upya mahali pasipopaswa na kuunganisha pande mbili. Mafundi wana namna ya kuzishtua betri kama hizo kwa umeme wa moja kwa moja ili ziamke. Tunawasihi waache. Betri iliyokufa hivyo ni afadhali izikwe katika hesabu zetu.

Wengine husema kwamba hayo ni mambo ya simu za bei nafuu. La hasha. Mwaka 2016 Samsung iliirudisha kutoka sokoni Galaxy Note 7, simu mpya ya bei kubwa, na mwezi Oktoba ikaacha kabisa kuitengeneza, kwa sababu betri zake zilikuwa zinashika moto. Januari 2017 ilitangaza kwamba kasoro ilikuwa katika betri zenyewe. Wenye umri kati yetu wanaikumbuka pia betri ya Nokia iitwayo BL-5C. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa katika kipindi fulani, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, ikaahidi kuzibadilisha bure. Tofauti tunayoiona sisi haimo katika betri. Aliyenunua simu mpya dukani ana risiti, ana mlango wa kubisha, ana kampuni inayomwogopa. Aliyenunua simu ile ile mkono wa tatu pale Kariakoo hana lolote kati ya hayo.

Basi, nyumbani tufanye nini?

Kuitambua si kazi ngumu. Kioo huinuka upande mmoja, au mfuniko wa nyuma huachia, au simu iliyolazwa juu ya meza huyumba na kuzunguka kama pia. Ukiona hivyo, izime, ichomoe katika chaji, na usiichaji tena hata kama una haja ya kupiga simu moja tu. Usiibonyeze ili kioo kirudi. Usiiwekee Biblia juu yake usiku kucha, kama alivyofanya mjumbe mmoja wa Tume hii ambaye hatutamtaja. Toa laini, na kadi ya kumbukumbu kama ipo. Ikiwa ni simu ya zamani ambayo betri yake hutoka kwa ukucha bila kulazimishwa, itoe, uzibe vituo vyake vya umeme kwa tepu. Ikiwa imefungwa kwa gundi, iache ilivyo. Kisha weka mchanga mkavu katika kopo la bati, kama lile la rangi, uilaze humo na kuifunika kwa mchanga. Mfuniko uwe umeegeshwa tu, usibanwe, kwa maana gesi ikikosa njia tutakuwa tumetengeneza bomu. Kopo likae nje juu ya saruji, kivulini, mahali pasiponyeshewa na pasipofikiwa na watoto.

Msiitupe jalalani, wala chooni, wala katika shimo la kuchomea taka. Ikishika moto ndani ya nyumba, wa kwanza kuokolewa ni watu. Tokeni, msivute moshi ule. Ikiwa moto ungali mdogo na waweza kuufikia kwa usalama, kata umeme ukutani kwanza, kisha mwaga maji mengi. Kwa betri ndogo ya simu maji husaidia kwa kuwa huipoza, na mchanga huzuia cheche. Msidhani umekwisha kwa sababu mwali umezimika, maana betri huweza kuwaka tena. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Hapa tungependa kusimama kidogo. Tulipopita katika jumuiya kuuliza ni nani ana simu iliyovimba, tulimkuta mama mmoja mjane aliyeificha yake kabatini, katikati ya khanga. Tukamwambia, kwa haraka ya watu wanaojua, “Mama, hiyo ni hatari, tupe tuiondoe.” Akatujibu, “Wanangu, sauti ya baba wa watoto imo humu.” Mumewe alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti alipokuwa safarini. Tulinyamaza. Baadaye fundi wetu, yule yule mwenye makovu, alieleza kwamba sauti na picha hazikai ndani ya betri. Iliyovimba yaweza kutolewa na fundi mzoefu kwa kipande cha plastiki, bila kupasha moto na bila bisibisi, na simu ikapewa betri nyingine nzima muda wa kutosha kuhamisha yaliyomo. Kazi ile ilimchukua mchana mmoja. Tunalisimulia hili ili mnapokwenda nyumba kwa nyumba msianze na amri. Mtu haing’ang’anii takataka. Ana sababu, nayo husikika ukiketi.

Sasa tufike kwenye swali gumu zaidi: kopo likijaa, liende wapi? Mkilikabidhi kwa mzoataka, mmeuhamisha moto kutoka kwenye kabati lenu kwenda kwenye mkokoteni wake. Atalipeleka Pugu Kinyamwezi, na huko mtu mwingine, pengine mtoto, atalivunja kwa jiwe apate shaba. Kila mmoja anajisafishia mlango wake, na betri inateremka kutoka kwa mwenye uwezo kwenda kwa asiye nao, hadi imfikie mtu ambaye hana wa kumpa. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia kijana wetu. Simu 73 zilitoka katika nyumba 73 zikaishia katika mikono miwili.

Tujue pia betri ile ilikotoka. Sehemu kubwa ya kobalti iliyomo katika betri za simu huchimbwa Kongo, katika nchi ya Kolwezi na pembezoni mwake, kwa ndugu wasemao Kiswahili kama sisi. Januari 2016 mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yalitoa taarifa yakieleza jinsi watu wazima na watoto walivyokuwa wakichimba madini hayo kwa mikono, wengine katika mashimo yasiyo na nguzo. Hivyo madini hutoka ardhini kwa mikono mitupu ya maskini, huzunguka dunia, hutajirisha wengi njiani, na mwishoni hurudi katika mikono mitupu ya maskini wengine.

Sheria hatukosi. Tangu mwaka 2021 nchi yetu ina kanuni za udhibiti wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ukusanyaji wa taka hizo ni wa wenye kibali kupitia NEMC. Lakini kanuni iliyoko kabatini haichukui kopo mlangoni. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za aina hii katika mwaka 2022, na kwamba katika Afrika sehemu iliyokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu rasmi haikufika asilimia 1. Nanyi mnakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozifungia simu bandia. Lilikuwa jambo la haki kwa mnunuzi. Ila tangu siku ile hatujamsikia mtu akiuliza simu zile zilizozimwa kwa usiku mmoja zilikwenda wapi. Nyingine, tunaamini, zilikuwa ndani ya gunia letu.

Kwa hiyo Tume imeandika barua mbili. Ya kwanza inakwenda Halmashauri ya Manispaa, kuomba siku moja katika kila miezi mitatu ambapo mkusanyaji mwenye kibali atafika katika kata yetu. Ya pili inakwenda kwa wafanyabiashara wa simu wa mtaa huu, kuwaomba wapokee betri kuukuu wanapouza mpya na wachangie gharama ya kuzisafirisha. Zote mbili ziko mezani kwa katibu. Zinahitaji sahihi za viongozi wa jumuiya, na tunaomba mzisome kabla ya kutia sahihi, maana zinawabana na ninyi pia: kila jumuiya itakuwa na kopo lake na mtu wake wa kulitunza.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kijana wetu atakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya ukumbi, akiwa na meza, miwani, glavu na ndoo mbili za mchanga. Safari hii atalipwa, na fedha zake zimekwisha kutengwa. Leteni simu zilizovimba moja moja, zikiwa zimezimwa, kila moja katika kopo lake. Msizilete katika gunia.