Kidonda Kilichofungwa, na Kazi Iliyobaki Nyumbani



Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache juu ya kidonda kilichokwisha kufungwa. Habari za kuzuia damu na kushona hatutazigusa. Hizo ni kazi za saa ya kwanza, nazo zina wenyewe. Twataka kusema juu ya zile siku zinazofuata, mtu arudipo kwake na kitambaa cheupe mguuni, majirani wakampa pole, naye akajibu, "Sasa si neno, nimekwisha kufungwa." Hapo ndipo hatari ianzapo, maana watu wengi hudhani ya kuwa kitambaa ndicho dawa.

Kitambaa si dawa. Kazi yake ni kama ya kawa juu ya chakula: huzuia nzi na mavumbi, lakini haipiki chakula, wala haikizuii kuchacha. Kinachoponya ni mwili wenyewe, nasi kazi yetu ni kuulinda usisumbuliwe.

Na tumtazame mkulima aliyejikata muundi kwa jembe wakati wa palizi. Amesafishwa, amefungwa, ameambiwa arudi dispensari baada ya siku mbili. Siku ya pili mvua yanyesha, na magugu hayangoji. Aingia shambani na umande. Kitambaa chalowa, chashika udongo, kisha chakauka juu ya kidonda. Jioni hakifungui, kwa kuwa aogopa uchungu, tena aona haya kukigusa kitu kilichofungwa na mwenye elimu. Siku ya sita, harufu ndiyo imwambiayo akifungue.

Basi neno letu kubwa ni hili: kitambaa kilicholowa au kuchafuka kibadilishwe siku ile ile, hata kama siku ya kurudi dispensari haijafika. Maji yakipita katika nguo, vijidudu hupita pamoja nayo. Lakini kikiwa kikavu na safi, kiacheni mpaka siku mliyoambiwa. Kukifunguafungua kwa kutaka kutazama tu hakuna faida.

Anayefungua na anawe mikono kwa sabuni kwanza, ajapokuwa mama na mtoto wake. Kitambaa kikiwa kimegandamana na kidonda, asikivute kwa nguvu, maana ataipasua ngozi changa iliyoanza kuota chini yake. Akiloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, angoje kidogo, nacho kitaachia. Kidonda kioshwe kwa kumiminiwa maji hayo hayo, na ngozi ya kando isafishwe kwa sabuni. Spiriti isimwagwe ndani. Huua vijidudu, ni kweli, lakini huiunguza na nyama iliyo hai. Kisha kifungwe kwa kitambaa kingine. Asiye na bendeji ya dukani atwae kipande cha kanga kuukuu, akifue, akichemshe, akianike kambani juani, wala si juu ya majani, kisha akipige pasi ya moto. Kile cha zamani, kama kina usaha, kichomwe.

Sasa twafika penye maneno ambayo hayatawapendeza wengine. Wako watiao kidondani majivu, au mavi ya ng'ombe, au mafuta ya taa. Na wako wapasuao vile vidonge vya rangi mbili wakanyunyiza unga wake juu ya nyama. Hawa wa mwisho hujiona wameendelea kuliko wenzao wa majivu, nasi hatuoni tofauti kubwa. Unga ule hugandamana ukawa uchafu, na dawa yenyewe ilitengenezwa imezwe, tena na mtu aliyepimiwa kiasi chake.

Wengine husema kidonda kiachwe wazi kipigwe na jua hata kikauke. Mwaka 1962, huko Uingereza, George Winter aliandika habari za majeraha aliyoyajaribu juu ya nguruwe. Yale yaliyofunikwa yakabaki na unyevu wake wenyewe yaliota ngozi upesi, karibu mara mbili kuliko yaliyoachwa yakakauka na kufanya kigaga. Unyevu huo ni ule utokao mwilini. Maji ya dimbwi hayamo katika hesabu hiyo.

Kitambaa kisikaze mno. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au kufa ganzi, kilegezeni mara moja. Na mwenye kidonda cha mguu akikaa, mguu wake uwekwe juu ya kiti au mto.

Katika vitabu vingi imeandikwa kwamba kidonda kilichoharibika huwa chekundu pande zote. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani vema. Kwa hiyo tusiungoje. Wekeni nyuma ya kiganja karibu na kidonda, kisha mahali pale pale katika mguu wa pili, mpate kulinganisha joto. Uchungu hupasa kupungua kila siku. Ukizidi baada ya siku ya pili, au uvimbe ukipanda, au mtoki ukitokea, au homa ikaingia, mtu arudi kwa tabibu asingoje soko lipite. Na mwenye ugonjwa wa sukari asiutumaini uchungu hata kidogo, maana miguu yake yaweza kuoza naye hasikii kitu.

Limebaki jambo la pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Kitasato Shibasaburo, tabibu wa Kijapani, ndiye aliyeviotesha peke yake huko Berlin mwaka 1889. Havipendi hewa, hustawi katika jeraha jembamba lenye kina, kama la msumari au mwiba, ambalo kwa juu laonekana limekwisha kufunga. Mara nyingi ugonjwa hutokea kati ya siku ya 3 na ya 21. Mtu akaziwapo na taya au shingo, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Kinga yake ni chanjo. Watoto wachanga wa Kenya na Tanzania huwekewa katika juma la 6, la 10 na la 14, na mama wajawazito huipata kliniki. Mwanamume mzima ndiye asiyekumbukwa, kwa kuwa hana siku ya kliniki, naye hushinda na panga na shoka. Akatwapo, aulize habari za sindano hiyo siku ile ile afungwapo, wala asingoje kuulizwa. Waalimu wawezao na wamwandikie asiyejua kusoma tarehe ya sindano, pamoja na tarehe ya kutolewa nyuzi kama alishonwa: za usoni baada ya siku 5 hivi, za mkono siku 7 hata 10, na za mguu siku 10 hata 14.