WAYA UNAPITA MBELE YA MLANGO WETU

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa matawi ya pwani, Mtwara

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa mahali pa kukaa,

Tumeombwa tuseme juu ya intaneti. Wako walionong'ona kwamba hilo si jambo la chama, ni mchezo wa vijana wa mjini. Basi na tuanze hapo hapo. Tangu msimu wa 2024 korosho za Nanyamba, Tandahimba na Newala zanadiwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi aweza kuketi popote apendapo akaweka bei yake. Katika minada ya kwanza ya msimu ule bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na mwenye simu yenye intaneti aliijua bei hiyo saa ile ile. Asiye nayo aliisikia kwa mlanguzi, na nyote mwajua mlanguzi husimulia bei kwa faida ya nani.

Tena mwezi Aprili 2019 kilipokuja kimbunga Kenneth, kikapiga ng'ambo ya pili ya Ruvuma, onyo la kuhama mabondeni lilikimbizwa kwa redio na kwa simu. Mvuvi wa Msangamkuu anayepokea utabiri wa upepo kabla hajashusha ngalawa hachezi. Huyo atafuta kurudi nyumbani akiwa hai. Na watu wa Kitaya, walioshambuliwa Oktoba 2020, hawahitaji kufundishwa na mtu thamani ya kuita msaada na kuitikiwa.

Sasa sikilizeni historia kidogo, maana jambo hili si jipya. Mwaka 1879 kampuni ya Waingereza, Eastern and South African Telegraph, ilitandika waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kutoka Zanzibar hadi Msumbiji, na mbele hadi Durban. Neno letu "simu" lenyewe asili yake ni waya. Waya ule ulipita katika bahari hii hii tunayovua. Haukushuka Mikindani, ijapokuwa Mikindani ilikuwa bandari yenye majahazi na biashara ya kutosha. Ulipita kwa sababu haukutandikwa kwa ajili yetu. Ulitandikwa ili London iseme na Afrika Kusini. Na msidhani wenye kampuni walitoa fedha mifukoni mwao peke yao. Serikali ziliwapa ruzuku.

Miaka 130 ikapita. Mwaka 2009 ukaja waya wa SEACOM, na mwaka 2010 ukaja wa EASSy. Yote miwili ikashuka Maputo, ikashuka Dar es Salaam, ikashuka Mombasa. Halafu ukaja waya mkubwa kuliko yote, uitwao 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000, ambao miongoni mwa wenyewe ni Meta, kampuni ya Facebook, pamoja na Vodafone na Orange. Huo umeshuka Msumbiji na umeshuka Dar es Salaam. Tazameni ramani, ndugu. Atokaye Nacala kwenda Dar es Salaam kwa njia ya bahari lazima apite mbele ya Msimbati. Umetupita kama ulivyotupita ule wa 1879.

Watatujibu kwamba Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa 2009, umefika Mtwara kwa nchi kavu. Ni kweli, na twashukuru, kwa kuwa ule ni mali ya umma. Lakini ukumbukeni mwezi wa Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara ya Kusini ikakatika Somanga, magari yakalala njiani. Tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za SEACOM na EASSy zikakatika baharini kusini huko, karibu na Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwezi mmoja, njia ya magari imekatika na njia ya habari imekatika. Bandari ya Mtwara, yenye kina kirefu, iliyofunguliwa 1954, iko pale pale, na mlango wa pili wa waya ungaliweza kuwa hapo. Kwa nini haupo? Kwa sababu mwenye waya huhesabu wateja wa leo, wala hahesabu usalama wa nchi.

Wazee waliopo hapa wataikumbuka reli. Mpango wa karanga ulitokana na shauri la mkubwa wa United Africa Company, kampuni ya ukoo wa Unilever, mwaka 1946. Serikali ya Uingereza ikamimina fedha za walipa kodi wake, pauni zaidi ya milioni 30 zikapotea, mpango ukafa 1951. Reli ya Mtwara na Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu walibaki, ardhi ilibaki, haja ya kusafiri ilibaki. Lililoondoka ni faida, na reli ikaifuata. Ya gesi ya Mnazi Bay hatutayarudia yote. Mwaka 2013 watu walipoteza maisha katika ghasia za bomba, na 2015 bomba likafika Dar es Salaam. Mnayajua kuliko sisi.

Turudi kwenye simu. Mwaka 2001 shirika letu la simu, TTCL, liliuzwa asilimia 35 kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Iliyolipwa ni nusu yake. Hisa zile zikapita mkono hadi mkono, mwishowe zikawa za Bharti Airtel ya India, na mwaka 2016 serikali ikazinunua tena kwa shilingi bilioni 14.9. Katika miaka ile 15 biashara ya simu za mkononi ilikua ikawa mti mkubwa, na shirika la umma likabaki kivulini. Hata minara mingi mnayoiona si ya kampuni inayowauzia vocha. Iliuzwa kwa Helios Towers, ambayo tangu 2019 hisa zake zanunuliwa na kuuzwa katika soko la London. Kampuni ya simu hulipa kodi ya pango kwa mwenye mnara, na kodi hiyo humwangukia mnunuzi wa vocha.

Na pale ambapo faida ni ndogo, nani hujenga? Mei 2023 zilitiwa saini hati za kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini. Ruzuku ya serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilikuwa shilingi bilioni 126. Hatulaumu mnara, mnara ni heri. Twauliza tu: umma ukisaidia kujenga, umma wapata haki gani juu ya bei na juu ya huduma? Mnara unaozimika siku tatu kwa kukosa mafuta ya jenereta, mwananchi amlalamikie nani? Haki itendeke pia: Halotel, ambayo ni ya jeshi la Vietnam, ilipoanza 2015 ilipeleka waya na minara katika vijiji ambavyo wengine walisema havilipi. Kumbe vyaweza, mradi mwenye kampuni atake.

Sasa bando. Hapa twaomba utulivu, maana tunajua mna hasira.

Ukinunua kibaba cha mchele dukani, ukapika nusu, hakuna anayekuja usiku wa manane kuchota nusu iliyobaki mtunguni kwa kuwa saa 24 zimepita. Lakini kifurushi ulichokilipia huondoka hivyo. Wenye kampuni wana jibu, nasi tulitaje bila ya kulipunguza. Wasema kwamba njia ya mtandao ni kama kiti cha daladala: gari likishaondoka, kiti kilichokuwa kitupu hakiwekwi akiba. Vema. Basi daladala hutoza kwa safari, wala halikupimii kiti kwa kilo. Ninyi mwatuuzia kwa kipimo, megabaiti kwa megabaiti, kisha mwanyang'anya kwa saa. Chagueni kimoja. Tena kanuni zilizoanza Aprili 2021 zamruhusu mteja kumhamishia mwenzake kifurushi alichobakiza. Kitu kinachoweza kupewa jirani ni mali ya mwenye kukitoa. Iweje kiwe mali saa tano ya usiku, kisiwe kitu saa sita?

Na Aprili ile ile yafaa ikumbukwe kwa jambo jingine. Kanuni zilipoanza tarehe 2, bei za vifurushi zilipanda, watu wakapiga kelele nchi nzima, na serikali ikazisimamisha bei zile mara moja. Waliopiga kelele hawakuwa na hisa wala wakili. Walikuwa wanunuzi wa bando la siku moja.

Mjihadhari na cha bure. Mwaka 2014 Facebook pamoja na Tigo walifungua Tanzania mlango wa "intaneti ya bure". Lakini mlango huo uliingiza katika kurasa walizochagua wao. Mtoto wa Newala angefikiri Facebook ndiyo dunia yote. India ililitazama jambo hilo hilo, na Februari 2016 msimamizi wao wa mawasiliano akapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kurasa tofauti. Sisi hatukuulizwa. Na mjue kwamba biashara ya watu hao ni kuuza macho yenu kwa wenye matangazo. Tangu Mei 2023 ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi. Alama za vidole tulizozitoa kusajili laini kabla ya Januari 2020 ni zetu bado. Mwenye kampuni amewekeshwa tu.

Wala hatutasema lawama yote ni ya kampuni. Tozo ya miamala ya Julai 2021 haikutungwa na kampuni, na Oktoba 29, 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, mwenye duka la vocha wa Mikindani hakuwa na hatia yoyote. Anayedai haki kwa tajiri lazima awe na ujasiri wa kuidai hata serikalini.

Basi tunataka mambo haya: waya wa bahari ushuke Mtwara, kifurushi kilicholipiwa kisife mpaka kitumike, na kila mnara uliojengwa kwa ruzuku utangazwe hadharani kijijini, fedha kiasi gani, nani mwenye wajibu wa kuuwasha. La kwanza litachukua miaka. La pili lahitaji mstari mmoja tu katika kanuni. La tatu twaweza kulianza sisi wenyewe.

Kwa hiyo kila tawi lilete daftari katika mkutano ujao: jina la kijiji, mnara ulio karibu, siku ulizozimika katika mwezi, na wanachama wangapi wamepoteza kifurushi kabla ya kukitumia. Wakaao kando ya mto, ambako simu hushika mtandao wa Msumbiji na salio likaliwa bila habari, waandike na hilo. Viongozi wa AMCOS waongeze siku za mnada ambazo bei ilichelewa kuwafikia wakulima. Karani atakuwa ofisini kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, na ajuaye kuandika amwandikie asiyejua.