Mpira wa mkojo na vijidudu vyake

(Mazungumzo na wanakisomo)

 

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja, yaani mkojo. Lakini wazee walisema, mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Mama mmoja wa darasa letu alikuwa na mgonjwa. Mume wake alizibwa mkojo kwa sababu ya tezi dume. Hospitali walimwekea mpira na mfuko wake. Mama akapewa karatasi ya maelezo, naye akaiweka chini ya mto. Aliogopa kuisoma. Alidhani kisomo chake hakijafikia karatasi ya hospitali. Mfuko akautundika ukutani, juu ya kitanda, ili kuku wasiudonoe.

Siku ya tano mzee akaanza kutetemeka kwa homa. Jirani akaleta vidonge vilivyobaki nyumbani kwake. Havikusaidia kitu. Tukampeleka hospitali usiku. Alipona, lakini nusura tumpoteze.

Je, kosa lilikuwa wapi?

Mtu mzima wa afya anapokojoa, mkojo hutoka kwa nguvu na kufagia njia. Vijidudu vinavyojaribu kupanda huondolewa. Mpira ukiwekwa, ufagio huo haupo tena. Mkojo hutoka matone matone, na kidogo hubaki ndani ya kibofu. Tena mpira wenyewe ni kama ngazi. Vijidudu hupanda kwa nje yake, au kwa ndani kutoka kwenye mfuko.

Vijidudu hivi huitwa bakteria. Ni vidogo mno. Ukipanga 500 kwa mstari, urefu wao wote ni kama milimita moja. Wengi wao hukaa katika matumbo yetu bila kutudhuru. Wakiingia kwenye kibofu, hapo ndipo huonyesha ukali wao. Ukali huo unatoka wapi?

Kwanza, wana nywele fupi za kunatia. Huzitumia kushika ukuta wa kibofu na mpira, kama kupe anavyomshika ng'ombe.

Pili, hutengeneza ute na kujificha ndani yake. Mmewahi kushika jiwe la mtoni likateleza? Utelezi wa namna hiyo hujitanda kwenye mpira. Dawa haiupenyi vizuri. Ndiyo maana mara nyingi mganga hubadilisha mpira anapotoa dawa.

Tatu, wako wengine waitwao Proteus. Hawa huchachusha mkojo, ukanuka kama choo cha siku nyingi. Kisha chumvi huganda ndani ya mpira, kama ukoko mweupe ndani ya birika. Mpira ukaziba.

Kila siku inayopita ni nafasi kwa vijidudu. Kati ya wagonjwa 100 wenye mpira, 3 hadi 7 huingiwa na bakteria kila siku. Mpira ukikaa mwezi mmoja, karibu wote huwa nao. Si kila mwenye bakteria ni mgonjwa, wala si kila mmoja anahitaji dawa. Lakini mlango umekwisha kuwa wazi.

Basi tufanye nini?

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko.
2. Mfuko ukae chini kuliko kibofu siku zote, lakini usiguse sakafu. Ukiwa juu, mkojo hurudi ndani pamoja na vijidudu.
3. Usitenganishe mpira na mfuko. Mwaga mkojo kwa bomba la chini, kabla mfuko haujajaa.
4. Safisha mgonjwa kila siku kwa maji na sabuni.
5. Usiuvute mpira. Ndani kuna puto dogo linaloushikilia. Ukiuvuta utamjeruhi.
6. Usimpe dawa zilizobaki za mtu mwingine. Vijidudu hujifunza kuzishinda.
7. Kila uendapo kliniki, uliza: "Je, mpira huu bado unahitajika?" Mpira ukitolewa mapema, vijidudu hukosa ngazi.

Ukiona homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au ya chini ya kitovu, damu katika mkojo, au mzee anaanza kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo ukiacha kutoka, usingoje asubuhi.

Sasa nirudi kwa yule mama. Mzee aliporudi nyumbani, tuliileta ile karatasi darasani. Mama akasimama akaisoma mwenyewe, neno kwa neno, sote tukisikiliza. Alipofika mahali palipoandikwa "mfuko ukae chini ya kibofu", alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naweza kuisoma tangu siku ile."

Ndugu zangu, nyumbani kwako iko karatasi gani ya hospitali ambayo hujaisoma? Itoe leo. Neno likikushinda, njoo nalo darasani. Si aibu.