Tusinunue Nguvu Tusiyoweza Kuizima

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana wetu:

Nimeombwa niseme machache kabla hatujachanga fedha za usukani ambao chama cha fizikia kinataka kuuunda kwa ajili ya mchezo wa mbio za magari katika kompyuta. Usukani huu humrudishia dereva nguvu mikononi. Magurudumu ya mbele yakiteleza, huwa mwepesi. Yakipanda ukingo wa barabara, hutetemeka.

Tuanze na mota. Wengi wanafikiria mota ya waipa kutoka gari bovu, maana hupatikana kwa urahisi. Haifai. Ndani yake mna gia ya skrubu: mota huizungusha, lakini mkono hauwezi kuirudisha nyuma, na hisia yote hufia humo. Afadhali mota isiyo na gia, ivute kwa mkanda wa meno. Puli ya meno 20 ikizungusha ya meno 100, nguvu huongezeka mara 5, na kasi hupungua mara 5.

Pili ni enkoda, yaani kipima mzunguko. Yenye mipigo 600 husomwa mara 4 kwa kila mpigo, ikatoa hesabu 2,400 kwa mzunguko mmoja. Inatutosha. Tatu ni bodi. Arduino Leonardo inafaa, kwani chipu yake yenyewe hujitambulisha kwa kompyuta kama usukani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisimamisha hapa. Mtasikia mota ya nyutoni-mita 10 ikisifiwa. Katika usukani wenye kipenyo cha sentimita 30, hiyo ni sawa na kutundika mzigo wa kilo 7 ukingoni. Programu ikikosea, usukani huzunguka ghafla, na kidole gumba cha mtoto kiko ndani yake. Tena mkono ukiishinda mota, mota hugeuka jenereta. Umeme hurudi ulikotoka na huweza kuharibu kifaa kinachoutoa, kisipowekewa kikinza cha kuumeza.

Kwa hiyo naomba fedha zetu zinunue kwanza swichi nyekundu ya dharura, inayokata umeme wa mota wenyewe bila kuitegemea programu, kisha kikinza, kitakachobaki ndicho kituchagulie mota. Mota dhaifu tutaibadilisha mwakani. Kidole hakina duka.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tuchange, ndugu zangu, ila tuchange kwa mpango huo.