Kusafiri Bila Kubebwa

Hotuba iliyosomwa Nakasero, Kampala, mbele ya maofisa wa polisi na wawakilishi wa jamii za mipakani, kwa niaba ya kikundi cha watumiaji wa viti vya magurudumu



Tumeombwa tueleze jinsi gari lililogeuzwa ili lipokee kiti cha magurudumu linavyomrudishia mtu uhuru wake. Tunaishukuru nafasi hii. Tutaeleza gari lenyewe, namna linavyotengenezwa na sheria zinazolihusu. Kisha tutataja tunayoyaomba kwenu, kwa kuwa uhuru huo hautoki gereji peke yake. Sehemu yake kubwa imo mikononi mwa watu tunaokutana nao barabarani.

Kutoka Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200. Kwa mwenye kutumia miguu yake, hiyo ni safari ya kuamka mapema na kupanda takisi. Kwetu safari ilianza kwa kutafuta wa kutubeba. Vijana wawili wa kituoni hutunyanyua, mmoja akishika kwapani na mwingine magotini. Kiti hukunjwa na kufungwa juu ya paa, au husukumwa nyuma katikati ya magunia, na mara nyingi hutozwa nauli kama mzigo. Njiani tunajizuia kunywa maji, maana kushuka kujisaidia ni kubebwa tena mbele ya watu. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu, hubebwa na vijana asiowajua, naye hulazimika kuwashukuru.

Tukifika Kampala, takisi hutushusha bondeni, nazo shughuli nyingi ziko juu. Bunge liko kwenye kilima hiki cha Nakasero, na wizara na hospitali vilevile. Barabara zake zina mpando mkali, na kingo za njia za waenda kwa miguu ni ndefu. Mtu aliyekuja kufuatilia karatasi moja tu alihitaji wasaidizi wawili, nauli ya watu watatu, na siku nzima. Wengi wetu tuliacha kuja. Haki iliyoandikwa katika sheria ilikuwapo, lakini ilikaa juu ya kilima.

Nyinyi wa Busia mnaijua historia ya magurudumu kuliko wengi. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani huko, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Na katika mpaka huohuo, kwa miaka mingi, wenzetu walioachiwa ulemavu na ugonjwa wa polio walivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Kwa kazi hiyo walijenga, wakaoa na kuolewa, wakasomesha watoto. Aliyehesabiwa kuwa mzigo wa ukoo akawa mlezi wa ukoo.

Tusiifiche na sehemu ya pili ya historia hiyo. Mkono wa forodha ulikuwa mwepesi kwao kwa sababu ya huruma, na wako wafanyabiashara wazima wa mwili walioitumia huruma hiyo kupitisha mizigo yao. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, ushuru wa bidhaa nyingi za nchi wanachama ukapungua, na faida ya kuvusha kwa njia hiyo ikapungua pia. Yapo mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba gurudumu humpa mtu kazi na heshima kuliko sadaka yoyote. La pili ni kwamba upole unaotokana na huruma haudumu. Siku gunia moja lisiloruhusiwa linapokutwa chini ya kiti kimoja, upole hugeuka shaka juu ya viti vyote. Kwa hiyo leo hatuombi huruma. Tunaomba kuhesabiwa wasafiri.

Sasa tuje kwenye gari. Njia za kulipata ni mbili. Ya kwanza ni kununua gari lililotengenezwa hivyo tangu kiwandani. Nchini Japani, kampuni ya Toyota huunda magari ya namna hii kwa jina la Welcab, yenye rampu ya kukunjua au lifti nyuma. Njia ya pili ni kuchukua gari la kawaida la abiria, kama HiAce tunayoiita takisi huku na matatu ng'ambo ya pili, na kulipeleka kwa mafundi. Kampala haina uhaba wa mafundi wa vyuma: Katwe inajulikana kwa kazi hiyo, na Kisekka, bondeni upande wa Nakivubo, inajulikana kwa vipuri.

Lakini fundi hodari wa kuchomelea si lazima awe anajua kazi hii, kwa hiyo mteja naye ajue la kuuliza. Jambo la kwanza ni mteremko wa rampu. Katika majengo, kipimo kinachopendekezwa ni kimo cha 1 kwa urefu wa 12. Sakafu ya gari ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, rampu ya kipimo hicho ingekuwa na urefu wa zaidi ya mita 7, jambo lisilowezekana barabarani. Ndiyo maana gari lenye sakafu ya juu hufaa zaidi kuwekewa lifti, na rampu hufaa gari lenye sakafu ya chini, huku msaidizi akisukuma. Jambo la pili ni kimo cha ndani. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu huwa juu kuliko abiria wa kawaida, hivyo paa la juu ni bora. Asafiri kichwa kikiwa wima, asiinamishe shingo njia nzima.

Jambo la tatu ndilo la uhai na kifo. Kiti lazima kielekee mbele, kamwe kisikae ubavu. Kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye vyuma vilivyoungwa na fremu ya gari. Bati la sakafu peke yake halitoshi. Kisha abiria mwenyewe afungwe mkanda wake unaopita kiunoni na begani. Mikanda ya kiti humzuia kiti, haimzuii mtu. Breki za kiti hazitoshi, na kamba ya katani haitoshi. Gari likisimama ghafla, kiti kisichofungwa hurushwa mbele pamoja na aliyekikalia, kikaumiza na wengine.

Wako pia wenzetu wanaoweza kuendesha wenyewe. Kwao hutumika gari la gia otomatiki, na mkono wa chuma huunganishwa na breki na mafuta ili kazi ya miguu ifanywe kwa mkono. Kwa mtu aliyezoea kuuliza kila asubuhi nani atampeleka, kukamata usukani ni jambo kubwa mno.

Sheria nayo inatupa nafasi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 35, inatambua haki ya watu wenye ulemavu ya kuheshimiwa na kulindwa utu wao. Uganda na Kenya ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 20 ya mkataba huo inahusu mwendo wa mtu binafsi: aende kwa namna na kwa wakati anaouchagua mwenyewe, kwa gharama anayoimudu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, inasamehe ushuru wa vifaa vilivyobuniwa mahsusi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu, likiwamo gari moja, kwa mtu ambaye hakupata msamaha kama huo katika miaka minne iliyotangulia.

Msamaha huo una masharti yake. Gari hilo likiuzwa au kupewa mtu asiyestahili msamaha, ushuru hudaiwa. Tena, tangu mwaka 2018, Uganda hairuhusu kuingizwa kwa gari dogo la abiria lililofikisha miaka 15 tangu kuundwa, na Kenya ina kikomo cha miaka 8. Gari linaloweza kusajiliwa upande mmoja wa mto huenda lisisajiliwe upande wa pili. Na gari likishageuzwa umbo, mamlaka ya usajili ijulishwe ili kadi ya gari ilingane na gari lenyewe. Hati zisipolingana na gari, mabishano hutokea kwenye kizuizi.

Na hapo kwenye kizuizi ndipo tunapowaomba ninyi, waheshimiwa maofisa. Tumewahi kusimamishwa usiku, tukaamriwa sote tushuke. Tulipoeleza kwamba hatuwezi, tukaambiwa tunadharau amri. Hatukuja kulalamika juu ya kituo chochote. Tumekuja kupendekeza utaratibu utakaomsaidia askari na msafiri pia.

Kwanza, askari aje mlangoni, aseme na msafiri mwenyewe, asimuulize dereva habari za mtu mzima aliyeketi nyuma yake. Pili, ukaguzi ufanyike, tena ufanyike kikamilifu, lakini kiti kisiguswe wala kusogezwa kabla ya kumwambia mwenye kiti. Kiti ni sehemu ya mwili wake. Mfuko ulio chini ya kiti tutaufungua wenyewe. Mwanamke akaguliwe na askari mwanamke, kama wanawake wengine. Tatu, mikanda ya kiti isifunguliwe gari likiwa kwenye mteremko. Nne, ikilazimu gari kuzuiliwa, msafiri asiachwe kando ya barabara. Mwili usiohisi maumivu unaweza kuungua juu ya bati la moto au kuchubuka juu ya sakafu ngumu bila mwenyewe kujua, na kidonda hicho huweza kumlaza miezi.

Tano, ajali ikitokea, waokoaji wajue kwamba mikanda ni ya aina mbili. Ikiwa moto unatishia, kateni mkanda wa mtu, mtoeni yeye kwanza, kiti kifuate. Na msiamini tu anaposema haumwi mguu, mtazameni. Haya yanafaa yajulikane pia na waendesha bodaboda na wachuuzi wa kando ya barabara, maana wao hufika kwenye ajali kabla ya mtu yeyote.

Mpakani kwenyewe mambo yamerahisika. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa Februari 2018, msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja, upande wa nchi anayoingia. Tukibeba vitambulisho, kadi ya gari na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, hatuna sababu ya kupita njia za panya. Tunaomba tu foleni iwe na nafasi ya kiti kupita, na dirisha moja liwe na kimo cha mtu aliyeketi.

Sasa twageukia ndugu zetu wa vijijini na sokoni. Msituletee mizigo msiyotaka ikaguliwe. Mara nyingi ombi huja kwa maneno matamu: ni kimfuko kidogo tu, ninyi hawawakagui. Anayetuambia hivyo anataka kuitumia miguu yetu isiyotembea kuficha yake inayotembea. Mfuko huo ukikamatwa, yeye atakuwa nyumbani kwake, na sisi tutakuwa tumepoteza gari, pamoja na imani ambayo wenzetu wa Kisoro na Mutukula nao wanaitegemea. Kwa hiyo katika kikundi chetu tumekubaliana: mzigo usiojulikana mwenyewe na yaliyomo hauingii garini. Tunawaomba viongozi wa vijiji watusaidie kulisema hili wazi, na wazazi wasione fedheha kumtoa nje mtoto mwenye ulemavu ili apimwe kiti kinachomfaa. Gari haliwezi kumsaidia aliyefichwa ndani.

Hatuna haja ya kila mmoja wetu kuwa na gari lake. Gari moja likimilikiwa kwa pamoja, likiwa na dereva aliyefundishwa kufunga mikanda na daftari la zamu, linaweza kuhudumia tarafa nzima: leo kliniki, kesho gulio, keshokutwa mahakamani au kituo cha kura. Polisi jamii wakilijua gari hilo na ratiba yake, na sisi tukiwajua maofisa wetu kwa majina, shaka itapungua pande zote mbili. Mzee wa Kiswahili alisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tunawaalika, waheshimiwa, mje vituoni mwetu, mketi ndani ya gari letu, mfungwe mikanda, mpande rampu mkisukumwa. Dakika kumi zitatosha.

Leo tumefika Nakasero tukiwa tumeketi kwenye viti vyetu wenyewe tangu alfajiri. Tumekunywa chai njiani. Hakuna aliyetubeba. Jioni tutarudi mpakani kwa njia ileile, na tutapita kwenye vizuizi vilevile. Tunaomba tukaguliwe kama wengine, kisha tupite kama wengine.